Redio ya CB na hedseti ya helmeti kwa pikipiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamlenga mwendeshaji wa pikipiki aliyeko Marekani au Kanada, maana huko ndiko CB bado ina watu wa kuongea nao barabarani. Walioko Ulaya na wanaotaka kupeleka redio Afrika Mashariki wana maswali yao mwishoni. Jambo moja litajitokeza tena na tena: kwenye pikipiki, pesa itangulie kwenye antena na kwenye helmeti. Redio yenyewe ije baadaye.

## Mambo ya msingi

1. CB ni redio ya namna gani?

Ni redio ya upepo ya raia wa kawaida. Iko kwenye megahezi 27 na ina chaneli 40: ya kwanza ni 26.965, ya mwisho ni 27.405. Hakuna mnara, hakuna bando, hakuna namba ya kupiga. Unabonyeza, unaongea, unaachia, unasikiliza. Kila aliye kwenye chaneli hiyo na karibu nawe anakusikia, awe rafiki au mtu usiyemjua.

Chaneli 40 zimekuwepo Marekani tangu Januari 1977. Kabla ya hapo zilikuwa 23. Ukikuta redio ya chaneli 23 kwenye gulio la vitu vikuukuu, waachie wanaokusanya mapambo ya zamani.

2. Nina interkomu ya Bluetooth kwenye helmeti. CB ya nini tena?

Inategemea unataka kuongea na nani. Kama ni mkeo aliyeketi nyuma, au wenzako wanne mliotoka nao mji mmoja, interkomu ya kisasa inaishinda CB: sauti ni safi, hakuna antena ya kufunga, na mnaweza kuongea kwa pamoja bila kupokezana.

CB inakufaa kwa watu usiowafahamu. Dereva wa lori aliye kilomita nne mbele amekwishaona ajali, tairi lililopasuka njiani au mvua ya mawe, na hana interkomu ya chapa yako. Pia vikundi vya zamani vya pikipiki kubwa za safari bado huongozwa kwa CB, wa mbele akiwatangazia wa nyuma kona na matundu. Kama hupandi barabara kuu na kikundi chako hakina CB, ushauri wangu ni usinunue.

3. Vipi kuhusu FRS na GMRS?

Hizo ni huduma nyingine mbili za redio za raia huko Marekani. Ziko megahezi 462 na 467, hutumia FM, na antena zake ni fupi, jambo ambalo ni neema kwenye pikipiki. FRS haina leseni lakini nguvu yake haizidi wati 2. GMRS inataka leseni ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ya dola 35, haina mtihani, inadumu miaka 10 na inahudumia familia nzima. Kwa kikundi kinachoanza leo bila kifaa chochote, ningechagua GMRS kabla ya CB. Tatizo ni lilelile la swali la 2: madereva wa malori kwa kawaida hawapo huko.

4. Je, CB inahitaji leseni?

Hapana. Marekani iliondoa leseni ya mtu mmoja mmoja mwaka 1983. Kanada nayo haidai leseni. Huko huduma hii inaitwa GRS na chaneli ni zilezile 40. Kinachotakiwa ni redio iliyoidhinishwa kwa CB, isiyozidi wati 4 kwa AM au FM, na wati 12 za kilele kwa SSB, namna nyingine ya kurusha sauti (swali la 7). Kuhusu vikuza nguvu, tazama swali la 20.

5. Inafika umbali gani?

Pikipiki kwa pikipiki, kwenye barabara ya wazi na antena iliyopimwa vizuri, tegemea kilomita 3 hadi 8. Mjini, kati ya majengo, punguza. Ukiwa juu ya mlima utashangaa. Ukiwa bondeni utakasirika. Redio ya mkononi yenye kiantena chake cha mpira mara nyingi huishia kilomita moja au mbili.

Maboksi yanayoahidi makumi ya kilomita yalipimwa mahali ambapo wewe hupiti.

## Kuchagua redio

6. Ninunue ya mkononi au ya kufunga?

Anza na ya mkononi kama hujui bado utaipenda CB kiasi gani, au kama pikipiki ni ya kukodi. Midland 75-822, kwa mfano, hutumia betri ndogo za kawaida na pia huja na adapta inayoibadilisha kuwa ya chombo: inapokea umeme wa volti 12 na antena ya nje. Hiyo adapta ndiyo inayoipa thamani kwetu.

Lakini usiiweke mfukoni mwa koti kifuani. Kwanza, antena iliyobanwa na mwili wako hairushi kitu. Pili, ukianguka, kile kipande kigumu kiko kati ya mbavu zako na lami. Ifunge kwenye pikipiki au iweke kwenye begi la juu ya tangi.

Redio ya kufunga ni bora kwa pikipiki yenye nafasi: chini ya kiti, kwenye boksi la pembeni, au nyuma ya kioo cha upepo. Tafuta ndogo yenye vidhibiti kwenye maikrofoni yenyewe, kwani hiyo unaweza kuificha na kubaki na kipaza sauti tu karibu na mkono. Namba za chaneli zisomeke juani. Vitufe viwe vya kubonyezeka ukiwa na glavu. Hivyo viwili vina uzito kuliko orodha ndefu ya mapambo iliyoandikwa kwenye boksi.

7. AM, FM au SSB?

AM. Malori yako AM, na kikundi chako kitakuwa AM. FCC iliruhusu FM kwenye CB mwaka 2021, nayo hupunguza sana mikwaruzo kati ya redio mbili zenye FM, ila lazima zote mbili ziwe nayo. SSB hufika mbali zaidi, lakini inataka kurekebisha sauti kwa kidole kila mara. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa mezani.

8. Redio itastahimili mvua?

Nyingi hazistahimili, hata zile zinazouzwa kwa ajili ya magari ya porini. Iweke ndani ya boksi au begi lisilopenya maji, na pakiti kadhaa za kukausha unyevu. Pakiti hizo zibadilishe; zikishajaa maji ni mzigo tu. Ile sehemu ya nje isiyokwepeka, yaani kiungo cha antena, izungushie utepe wa mpira unaojishika wenyewe. Maji yakiingia kwenye waya wa antena hayatoki, na utakuja kulaumu redio bure.

## Hedseti na helmeti

9. Hedseti ya waya au ya Bluetooth?

Ya waya ni rahisi, haina betri ya kuisha, na haichelewi. Ubaya wake ni kwamba umefungwa kwenye pikipiki. Kiungo cha waya lazima kiwe kinachochomoka chenyewe kikivutwa, na kikae mahali ambapo ukirushwa kutoka kwenye kiti kitaachia. Usikifunge kwa gundi wala kamba kwa sababu eti "kinachomoka chomoka".

Kwa Bluetooth, jua kwamba redio nyingi za CB haziungani moja kwa moja na hedseti ya helmeti. Unahitaji adapta ya katikati, mfano Sena SR10, inayochomekwa kwenye redio kwa waya na kuongea na helmeti bila waya. Kabla ya kulipa, hakikisha kuna waya maalumu wa redio yako.

Pikipiki za safari zilizofungwa mfumo wa sauti kiwandani zina soketi zake: Honda Gold Wing imetumia ya pini 5, Harley-Davidson ya pini 7. Umbo lake ni la duara na zinafanana kwa jicho, kwa hiyo hesabu pini.

10. Maikrofoni gani inafaa helmeti yangu?

Helmeti iliyofunika kidevu: maikrofoni ndogo bapa, inabandikwa ndani ya sehemu ya kidevu, ikielekea midomo. Helmeti ya uso wazi au inayofunguka mbele: maikrofoni ya kijiti, ikae pembeni mwa mdomo, karibu kiasi cha kugusa. Sponji ya kuzuia upepo si pambo. Ikipotea, nunua nyingine siku hiyohiyo.

Maikrofoni nyingi nzuri za pikipiki hufuta kelele kwa kusikia pande mbili, mbele na nyuma. Ndiyo maana zina upande: kuna nukta au alama inayotakiwa kuangalia mdomo. Ikigeuka, itafuta sauti yako na kurusha upepo. Malalamiko mengi ya "hawanisikii" huishia hapo.

11. Spika nimezibandika lakini kwa kasi sisikii kitu. Nipandishe sauti?

Usianze na sauti. Anza na mahali. Spika ikiwa sentimita mbili tu nje ya tundu la sikio, nusu ya kazi imepotea. Vaa helmeti bila spika, gusa kwa kidole mahali tundu lilipo, weka alama, kisha bandika hapo. Kama kishimo cha helmeti ni kirefu, weka kipande cha sponji nyuma ya spika ili iletwe karibu na sikio, lakini isikuume. Kinachouma kidogo nyumbani kitakuwa mateso baada ya saa moja.

Baada ya hapo, vaa vizibo vya masikio vya sponji. Inaonekana kinyume, lakini vinapunguza mngurumo wa upepo zaidi kuliko vinavyopunguza maneno, na utaelewa vizuri kwa sauti ndogo. Ndani ya helmeti kwenye kasi ya barabara kuu, kelele hupita kwa urahisi desibeli 95, kiwango kinachoharibu usikivu kwa safari za kila siku. Kuongeza spika juu ya kelele hiyo ni kuongeza madhara. Soma pia swali la 19 kabla ya kuziba masikio yote mawili.

12. Naweza kutoboa helmeti au kuchimba sponji ngumu ya ndani nipitishe waya?

Hapana. Ile sponji nyeupe ngumu ndiyo inayomeza pigo, na gamba la nje hutawanya nguvu yake. Waya hupita kati ya kitambaa cha ndani na sponji. Kama helmeti yako haina nafasi ya spika, tafuta spika nyembamba zaidi au helmeti nyingine yenye vishimo vilivyotengenezwa tangu kiwandani.

13. Kubonyeza kitufe au VOX?

Kitufe. VOX hufungua maikrofoni yenyewe inaposikia sauti, na kwenye pikipiki sauti ya kwanza inayosikika ni upepo. Matokeo yake unakaa hewani dakika tano bila kujua, umewazibia wote chaneli, nao wanakusikia ukiimba.

Kitufe kikae upande wa kushoto wa usukani, kidole gumba kikifike bila kuachia mshiko. Mkono wa kulia una kazi ya mafuta na breki.

14. Plagi ya hedseti imeingia vizuri kwenye redio lakini sauti ni hafifu au haitoki kabisa.

Umbo la plagi halithibitishi chochote. Redio mbili zenye soketi ya maikrofoni ya pini 4 zinaweza kuwa zimepangwa waya tofauti kabisa, kila kampuni na mpango wake. Pata mchoro wa soketi ya redio yako na mchoro wa hedseti, linganisha pini kwa pini.

Sababu ya pili: kuna maikrofoni zinazohitaji umeme kidogo kutoka kwenye redio na kuna zisizohitaji. Ukichanganya, sauti inakuwa kama inatoka kisimani. Waya uliotengenezwa mahsusi kwa redio na hedseti yako hutatua yote mawili. Kuutengeneza mwenyewe kwa lehemu inawezekana, ila uwe na subira na macho mazuri.

## Antena na umeme

15. Kwa nini antena ya gari haifanyi kazi vizuri kwenye pikipiki?

Wimbi la CB lina urefu wa takriban mita 11. Antena ya robo wimbi basi ni karibu mita 2.7, na hakuna anayetaka mti huo nyuma ya kiti. Zinazouzwa ni fupi, zimezungushwa waya ndani ili umeme uzione kama ndefu. Ufupi huo una gharama yake.

Gharama ya pili ni kubwa zaidi. Antena ya kawaida ni nusu tu ya mfumo. Nusu ya pili ni bati pana chini yake. Gari lina paa. Pikipiki ina fremu nyembamba, plastiki na wewe. Kwa hiyo nunua seti iliyoandikwa kwamba haihitaji bati la chini, ambayo huja na antena pamoja na waya wake. Hizo mbili ni ndoa: ukitumia antena ya seti hiyo na waya mwingine, au kinyume chake, vipimo vitakataa. Waya wake mara nyingi ni mrefu, mita tano na zaidi, na watu hushawishika kuukata. Usiukate. Urefu wake ni sehemu ya hesabu. Unaobaki ukunje kwa umbo la nane refu chini ya kiti, usiufunge duara dogo la kubana.

Mahali pa kuifunga ni nyuma, kando ya boksi la juu, isimame wima. Iwe mbali na mgongo wa abiria. Kishikio kiunganishwe na fremu kwa chuma kitupu. Rangi na kutu ni adui, kwaruza hadi chuma king'ae, kisha paka grisi kuzuia kutu mpya. Nati ziwekwe gundi ya kushikilia nati, maana mtetemo utazifungua.

16. SWR ni nini na nipimeje?

Ni kipimo kinachoonyesha kiasi gani cha nguvu kinatoka kwenye antena na kiasi gani kinarudi kwenye redio. Kipimo cha 1 (yaani 1:1) ni ndoto, 1.5 ni nzuri sana, chini ya 2 endelea na safari. Ikipita 3 usirushe, unaweza kuunguza redio. Na usibonyeze kabisa kama antena haijaungwa.

Kipimo huwekwa kati ya redio na antena kwa waya mfupi. Toka nje, mbali na mageti ya chuma na magari. Pikipiki isimame wima, maboksi yafungwe, mtu akae kwenye kiti kama atakavyokaa safarini, mkono usiguse antena. Pima chaneli 1, 20 na 40. Kama 40 inasoma juu kuliko 1, antena ni ndefu mno: ifupishe kidogo kwa skrubu ya ncha. Kama 1 iko juu kuliko 40, ni fupi mno: irefushe. Zote zikiwa juu sana kwa pamoja, tatizo si urefu; kagua kishikio, viungo vya waya, na kama umenunua seti sahihi.

17. Umeme niuchukue wapi?

Kwenye betri moja kwa moja, waya chanya na hasi zote mbili, fyuzi ikiwa karibu kabisa na betri. Redio ya wati 4 hutumia kwa kawaida chini ya ampia 2 inaporusha, hivyo fyuzi ndogo inatosha. Fuata kitabu cha redio. Ongeza rilei (swichi ya umeme) inayowashwa na swichi ya ufunguo, usije ukaacha redio usiku kucha na asubuhi ukasukuma. Usidandie waya wa taa ya nyuma kwa sababu tu uko karibu. Pikipiki za zamani za volti 6 hazifai bila kibadilishi cha umeme.

18. Nasikia mluzi unaopanda na kushuka na injini, au mikwaruzo ya tatata.

Mluzi unaofuata mwendo wa injini hutoka kwenye mfumo wa kuchaji. Ukiwa umechukua umeme kwenye betri kama swali la 17, mara nyingi haupo. Ukibaki, weka kichujio kwenye waya wa umeme wa redio. Kama redio inaunganishwa pia na mfumo wa sauti wa pikipiki, tatizo linaweza kuwa ni waya hasi zinazopita njia mbili. Kitenganishi cha sauti hulimaliza.

Mikwaruzo ya tatata ni plagi za injini. Hakikisha ni zile zenye ukinzani ndani yake. Sauti yako mwenyewe ikirudi kwenye spika kwa kelele unapobonyeza, mawimbi ya antena yanaingia kwenye waya wa hedseti: tenganisha waya hizo mbili na bana vibanio vya feraiti, vinavyozuia mawimbi kupita kwenye waya, karibu na redio. Mara nyingi SWR mbaya ndiyo chanzo, kwa hiyo rudi swali la 16 kwanza.

## Barabarani na kwenye sheria

19. Nitumie chaneli gani, na sheria inasema nini kuhusu masikio?

Malori yako chaneli 19. Chaneli 9 imetengwa kwa dharura na kusaidia wasafiri, usiifanye ya mazungumzo. Na siku hizi katika ajali piga 911 kwanza, kwani hakuna uhakika mtu anasikiliza. Kikundi chako kichague nyingine yoyote tulivu. Ukisikia "10-4" ni nimekuelewa. "10-20" ni mahali ulipo. Lugha ya chaneli 19 si ya kusikilizwa na watoto, ujue hilo kabla abiria wako hajavaa hedseti.

Kuhusu masikio, sheria ni za majimbo. California hairuhusu dereva kufunika au kuziba masikio yote mawili kwa vifaa vya kusikilizia. Kabla ya safari ya majimbo mengi, soma sheria ya kila jimbo unalopita. Njia ya tahadhari ni spika ya upande mmoja.

20. Kikuza nguvu kitanisaidia?

Ni haramu kisheria, na hata kama kingeruhusiwa hakikusaidii kusikia. Antena nzuri husaidia kurusha na kupokea.

21. Siku nyingine nasikia watu wa majimbo ya mbali lakini mwenzangu hapo mbele simsikii. Redio imeharibika?

Ni jua. Jua likiwa na shughuli nyingi, tabaka za juu za anga hurudisha mawimbi ya megahezi 27 duniani, na kituo kilicho mbali maelfu ya kilomita hukufikia kikiwa na nguvu. Hakuna cha kurekebisha; hamieni chaneli nyingine au sogeleaneni. Marufuku ya Marekani ya kuongea na watu wa zaidi ya kilomita 250 iliondolewa mwaka 2017, kwa hiyo ukijibiwa, jibu.

22. Redio hii itafanya kazi Uingereza na Ulaya?

Kwa sehemu. Chaneli 40 za Ulaya ziko kwenye masafa yaleyale, ila huko FM ndiyo iliyozoeleka, na redio ya Marekani yenye AM pekee haitaelewana nao. Uingereza ina pia chaneli zake 40 za kando, zilizoanza na uhalali wa CB huko Novemba 1981. AM na SSB ziliruhusiwa 2014. Nunua ya huko.

23. Nataka kuipakia kwenye kontena niipeleke Kenya au Tanzania.

Uliza kabla ya kupakia. Kifaa chochote cha kurusha mawimbi kinahitaji idhini ya mamlaka, CA kwa Kenya na TCRA kwa Tanzania. Uganda ni UCC. Redio isiyo na idhini inaweza kukwama bandarini. Na hata ikipita, utaongea na nani? Malori ya Mombasa hadi Kampala hayakai chaneli 19. Kwa safari za kikundi huko, interkomu za helmeti za aina moja kwa wote zitawafaa zaidi, na simu kwa yaliyobaki.